Abdullahi Qarshe: Mpiga Udi wa Moshi Aliyesikilizwa Garissa kwa Sauti ya Chini

Ukimwuliza mtu wa Mombasa, Malindi au Lamu akutajie mabingwa wa kupiga udi, hatachukua muda kufikiri. Atamtaja Zein l'Abdin, mwana wa Lamu aliyetutoka mwaka 2016. Atarudi nyuma mpaka kwa Siti binti Saad na wapigaji wake wa Unguja, waliokwenda Bombay mwaka 1928 kutia nyimbo zao kwenye sahani za santuri. Na akiwa ni mtu wa makamo, ataongeza Wamisri na Wayemeni ambao sauti zao zilikuwa zikilia katika kila nyumba yenye harusi. Lakini jina la Abdullahi Qarshe hutalisikia. Simlaumu mtu kwa hilo, maana hata mimi nisingelijua lau si miaka yangu minne ya ualimu huko Garissa. Ajabu ni kwamba bwana huyu hakuzaliwa Misri wala Yemen. Alizaliwa Moshi, chini ya Mlima Kilimanjaro, mwaka 1924.

Huenda msomaji akajiuliza, Msomali alitafuta nini Moshi zama zile? Jibu ni riziki. Tangu mwanzo wa utawala wa wakoloni, Wasomali kutoka Berbera na Aden walisambaa kote huku kwetu. Wengine waliletwa kama askari, wengine walifuatana na wawindaji wa Kizungu wakiwa wabeba bunduki na viongozi wa misafara, na wengi wao waliingia katika biashara ya ng'ombe na mbuzi. Walitua Nairobi, Nanyuki, Isiolo, Arusha na Moshi, wakajenga misikiti na kuozana wenyewe kwa wenyewe. Aila ya Qarshe ilikuwa miongoni mwa hizo. Kwa hivyo mtoto huyu alifumbua macho katika mji ambao lugha yake ya sokoni ilikuwa Kiswahili, na bila shaka ngoma za kwanza alizozisikia njiani zilikuwa ngoma za huku.

Hakukaa sana. Baba yake alifariki naye angali mdogo, na aila ikahamia Aden. Huko ndiko alikolelewa, akatiwa chuoni kusoma Kurani kama mtoto yeyote wa Kiislamu. Lakini Aden ya miaka ya 1930 haikuwa mji wa chuo na msikiti peke yake. Waingereza walikuwa wakiishika bandari ile tangu mwaka 1839, na hadi mwaka 1937 iliendeshwa kama sehemu ya Uhindi. Meli za dunia nzima zilipita pale kutia makaa na mafuta. Katika mikahawa ya mji ule kijana angeweza kusikia, kwa siku moja, Muhammad Abdul Wahab wa Misri, nyimbo za filamu za Kihindi, na Wayemeni wenyewe wakipiga udi wao wa jadi. Yeyote anayeijua Mombasa ya kale, kabla ya vita vya pili, ataielewa Aden hiyo bila ya kuelezwa zaidi. Qarshe aliondoka pale akiwa amejaa muziki wa wenyewe, na hilo ndilo lililokuja kumsumbua: alijua kupiga kwa Kiarabu na kusikiliza kwa Kihindi, lakini lugha yake mwenyewe haikuwa na ala ya nyuzi ya kuiandama.

Wasomali ni watu wa shairi, na hilo halina ubishi. Tungo zao zilihifadhiwa vichwani kwa karne nyingi, maana lugha yao haikuwa na maandishi rasmi hadi mwaka 1972. Lakini shairi hilo lilisomwa kwa sauti tupu, pengine kwa makofi na ngoma. Udi ulikuwapo Berbera na Zeila, miji ya pwani inayotazamana na Yemen, nao ulipigwa kwa nyimbo za Waarabu. Bara, kwa wachunga ngamia, haukuwa na kazi.

Katikati ya miaka ya 1940 Qarshe alipofika Hargeisa, alikuta jambo jipya limezuka. Dereva mmoja wa lori, mtu wa upande wa Borama aliyeitwa Abdi Sinimo, alikuwa ameanzisha nyimbo fupi fupi za mapenzi. Husimuliwa kuwa lori lake liliharibika njiani, na katika kuhangaika nalo akajikuta anaimba. Nyimbo hizo ziliitwa belwo, neno linalotoka katika Kiarabu kwenye shina lile lile lililotupa sisi neno balaa. Zilipigwa kwa makofi na debe tupu la mafuta, zikaenea katika miji kama moto wa makuti. Masheikh walizipinga vikali, wakaona kwamba vijana wanapotea, na wengine walitunga mashairi ya kuzilaani.

Hapo ndipo mchango wa Qarshe ulipoingia. Alilichukua neno la Kisomali, ambalo lina mizani yake kali na halikubali kuvutwa ovyo, akalitafutia mahali pake juu ya udi. Msomaji anayejua taarabu ataelewa ugumu wa kazi hii nikieleza kidogo. Udi hauna vyuma shingoni kama gitaa, kwa hiyo kidole kinaweza kupata sauti zile za katikati ambazo Waarabu hujivunia katika maqamu zao, na ambazo hata taarabu yetu imezirithi. Muziki wa Kisomali hauzitaki. Wenyewe hutembea juu ya sauti tano tu, kama mtu anayegusa vibonye vyeusi vya piano peke yake. Ndiyo sababu ukiusikia mara ya kwanza unadhani ni wa Sudan au Uhabeshi. Qarshe alilazimika kuufundisha udi kusahau nusu ya yale uliyozaliwa nayo. Akabaki na sauti tano na mkono wa kulia.

Na huo mkono wa kulia ndio ninaoutaka msomaji ausikilize. Mpigaji wa Kimisri hupenda kujionyesha: atapanda juu, atazunguka, atarejea nyumbani kwa mbwembwe, na watu watapiga kelele za kusifu. Katika nyimbo za Qarshe mambo ni mengine. Udi hufuatana na mwimbaji hatua kwa hatua, sauti kwa sauti, kama mtu anayemshika mzee mkono kuvuka barabara. Mwimbaji akinyamaza kuvuta pumzi, udi hurudia mstari aliouacha, kwa ufupi, kisha hushuka kwenye nyuzi nene za chini na kugonga pale mara mbili tatu, kavu, bila ya kuacha mlio utambae. Kwa sikio langu, huko chini ndiko anakojulikana. Mara nyingi hapana ngoma kubwa, ila tari au debe, na kwa hivyo uzi mnene ndio unaobeba mwendo wote wa wimbo. Katika bendi za dansi kazi hiyo hufanywa na mpiga besi, yule bwana anayesimama nyuma pembeni ambaye hakuna anayemtazama mpaka siku asipokuja.

Alipiga pia gitaa na piano, na alikuwa mtunzi wa maneno na wa sauti, na aliimba mwenyewe. Wasomali humwita baba wa muziki wao wa kisasa. Lakini nathubutu kusema kwamba sifa hiyo yenyewe imemfunika. Watu wakisema baba wa muziki huwa wanafikiria nyimbo za taifa na siku za uhuru. Ule ufundi wa kumtumikia mwimbaji, wa kujua wakati wa kunyamaza, hutajwa na wapigaji wenzake tu. Ahmed Ismail Hussein, aliyejulikana kwa jina la Hudeydi, ambaye aliitwa mfalme wa udi na akafariki London mwaka 2020, alikuwa Msomali mwingine wa Aden, na alimtambua Qarshe kuwa mwalimu wake. Mfalme ana jina kubwa Ulaya. Mwalimu wake hata Moshi hajulikani.

Nilifika Garissa mwaka 1975, kijana kutoka Mombasa, kwa basi lililopita Malindi, Garsen na Hola. Kabla ya kuingia mjini, pale kwenye daraja la mto Tana, tulishushwa na kukaguliwa vitambulisho, na mimi niliyevaa kofia yangu ya viua niliulizwa maswali mengi kuliko wenzangu. Mji wenyewe ulikuwa mdogo, wenye joto na vumbi, ng'ombe wakishuka mtoni kunywa asubuhi na jioni. Sisi watu wa pwani tulikuwa wachache, tukajikuta tukikaa pamoja na Wabajuni kadhaa waliotoka pande za Kismayu, mji ambao hadi mwaka 1925 ulikuwa sehemu ya Kenya. Wabajuni hao walinifaa sana, maana walizijua lugha zote mbili na walikuwa tayari kunifasiria.

Jioni tulikutana katika mkahawa mmoja wa chai. Mwenyewe alikuwa mzee wa Kisomali ambaye sote tulimwita adeer, naye akaniita maalim tangu siku ya kwanza. Chai yake ilikuwa ya maziwa ya ngamia, yenye iliki na sukari nyingi. Juu ya rafu alikuwa na redio kubwa ya betri, na baada ya swala ya isha aliizungusha taratibu katika masafa mafupi mpaka akapata Mogadishu au Hargeisa. Nikaanza kuona jambo. Zilipokuwa nyimbo za mapenzi, redio ilipandishwa, wenye kucheza bao waliinua vichwa, na sauti ya Magool ilisikika mpaka ng'ambo ya barabara. Lakini zilikuwapo nyimbo nyingine ambazo, udi ukigonga tu mara mbili za mwanzo, mzee alinyoosha mkono na kuipunguza redio mpaka sote tukalazimika kuinama. Hakusema kitu. Baada ya miezi kadhaa na mimi nilizitambua kwa uzi wa chini kabla neno halijatamkwa. Rafiki yangu wa Kibajuni ndiye aliyenieleza kwamba nyingi kati ya hizo ni za Qarshe, na kwamba Qarshe kwao ni mzaliwa wa Tanganyika, jambo ambalo kwanza nililidhani ni mzaha.

Ili kuelewa kwa nini redio ipunguzwe, yafaa turudi nyuma kidogo. Mwezi wa Novemba 1954 Uingereza ilitia sahihi mkataba wa kuikabidhi Uhabeshi nyanda za malisho ziitwazo Haud, ambako Wasomali wa kaskazini walikuwa wakihamia na ngamia wao kila mwaka wakifuata mvua. Watu walitoka barabarani, wajumbe wakapelekwa London na Umoja wa Mataifa, na wote wakarudi mikono mitupu. Katika ghadhabu hiyo Qarshe na wenzake waliunda kundi la Walaalo Hargeisa, yaani ndugu wa Hargeisa, wakaonyesha michezo ya kuigiza na nyimbo ambazo kwa nje zilikuwa za mapenzi au za ngamia aliyepotea, na ndani zilikuwa za nchi. Kituo cha redio cha Hargeisa, ambacho Waingereza wenyewe walikianzisha mwaka 1943 kikiitwa Radio Kudu, kikawa kinazirusha nyimbo ambazo wakubwa wake hawakuzielewa vizuri. Hapa ule udi wa kuficha mbwembwe ulifaa kuliko udi wowote, kwa sababu kila mtu alisikia neno.

Mwaka huo huo wa 1954, tarehe 12 Oktoba, bendera ya Somalia ilikubaliwa: buluu yenye nyota nyeupe ya pembe tano. Kila pembe ilikuwa na maana yake. Moja ni Somalia ya Waitaliano, ya pili ya Waingereza, ya tatu Jibuti, ya nne Ogaden, na ya tano ilikuwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini ya Kenya, yaani Garissa, Wajir, Mandera na jirani zao. Qarshe alitunga wimbo wa kuisifu bendera hiyo, na katika siku za uhuru wa mwaka 1960, tarehe 26 Juni huko kaskazini na tarehe 1 Julai kwa nchi nzima, ndio ulioimbwa na wakubwa kwa wadogo. Wimbo mtamu kabisa. Lakini kwa mtu wa Garissa, kuuimba ni sawa na kusema kwamba pembe ya tano ni yangu mimi.

Na mambo yalikuja kuwa mazito. Tume iliyotumwa mwaka 1962 ilikuta kwamba wengi wa wakaazi wa wilaya ile walitaka kujiunga na Somalia. Mwezi wa Machi 1963 Uingereza ikaamua wabaki Kenya, na Somalia ikavunja uhusiano nayo. Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, na kabla mwezi haujamalizika hali ya hatari ilikwisha tangazwa Kaskazini Mashariki. Vita vile ambavyo serikali iliviita vya shifta vilidumu hadi mwaka 1967. Watu walikusanywa katika vijiji vyenye ulinzi, mifugo ikafa au ikachukuliwa, na redio nayo ikawa silaha: Mogadishu ilirusha matangazo hata kwa Kiswahili ili yatufikie sisi. Amani ilipotiwa sahihi mwezi wa Oktoba 1967, kwa upatanishi wa Rais Kaunda wa Zambia, ilitiwa Arusha, kilomita 80 hivi kutoka mji aliozaliwa Qarshe, na moja ya mambo yaliyokubaliwa ni kukomesha uchochezi wa redioni. Vita vilikwisha, lakini sheria za hali ya hatari zilibaki mpaka mwaka 1991. Mimi nilikuwa pale wakati wa vita vya Ogaden vya 1977 na 1978, ambapo Kenya ilikuwa upande wa Uhabeshi, na katika miaka hiyo hata kupunguza redio hakukutosha. Adeer aliizima kabisa. Yaliyofuata baada ya mimi kuondoka, Garissa mwaka 1980 na Wagalla karibu na Wajir mwaka 1984, yanajulikana.

Sitaki msomaji adhani kwamba Qarshe alikuwa mtu wa mpaka mmoja tu. Patrice Lumumba alipouawa mwezi wa Januari 1961, alimtungia wimbo wa maombolezo uliopendwa mno na Wasomali, watu ambao wengi wao hawakuwahi kumwona Mkongo. Wimbo huo ulichezwa Garissa bila ya hofu, na pale ndipo nilipomsikiliza kwa utulivu kwa mara ya kwanza. Udi unaanza peke yake, polepole, na unakataa kulia. Mimi niliyelelewa katika taarabu nilitarajia kilio. Badala yake uzi wa chini ulitembea tu, kama watu wanaofuata jeneza bila ya kusema.

Jambo jingine la kutazamwa ni hili la dini, maana najua wapo wasomaji watakaouliza. Zama zile mpiga udi katika miji ya Wasomali alihesabiwa pamoja na wahuni. Mwimbaji mmoja wa kike wa mwanzo katika redio ya Hargeisa aliimba kwa jina la kupanga, Guduudo Arwo, ili jamaa zake wasimjue. Pwani yetu nayo inazijua khitilafu hizo. Wapo masheikh wanaostahimili tari na kukataa nyuzi, na wapo waliokaa kimya. Qarshe alikuwa mtoto wa chuo, na hoja za wapinzani wake hazikumgenia. Kilichobadilisha mawazo ya wengi, kwa ninavyoona, ni nyimbo za Haud. Mzee aliyemlaani mpiga udi mwaka 1945 alijikuta miaka kumi baadaye anausikiliza udi huo huo ukisema yaliyo moyoni mwake, na wengine wakaanza kutofautisha kati ya nyimbo na nyimbo.

Mwaka 1988 ndege za serikali ya Siad Barre ziliangusha mabomu juu ya Hargeisa, na sehemu kubwa ya mji ikawa kifusi. Kanda za redio zilinusurika kwa sababu watu wake walizificha, nyingine zikafukiwa ardhini, nyingine zikavushwa mpaka. Leo maelfu yao yamehifadhiwa katika jumba la utamaduni la Hargeisa, na baadhi yamesafishwa na kutolewa upya. Qarshe aliiona nchi aliyoiimba ikivunjika vipande, kaskazini ikijitenga mwaka 1991 na kusini ikiungua. Alifariki mwaka 1994 akiwa na umri wa miaka 70. Mola amrehemu.

Kwa miaka mingi wimbo wa taifa la Somalia ulikuwa muziki mtupu usio na maneno, uliotungwa na Mtaliano. Mwezi wa Agosti 2012, wimbo wa bendera wa Qarshe ulifanywa wimbo rasmi wa taifa. Mwaka uliofuata nilikwenda Garissa kwa harusi ya mtoto wa mwanafunzi wangu wa zamani. Mkahawa wa adeer haupo tena, mahali pake pana duka la simu. Vijana wawili walikuwa wamekaa nje, simu moja imewekwa ndani ya bilauri ili sauti ikuzwe, na wimbo ule ule ulikuwa ukilia, umepigwa kwa bendi kubwa ya mabaragumu, kwa nguvu yake yote. Niliwauliza kama wanamjua aliyeutunga. Mmoja alisema hamjui. Wa pili alimjua kwa jina, na nilipomwambia kwamba alizaliwa Moshi alicheka kama nilivyocheka mimi mwaka 1975.